Multistix 10 SG kwenye kliniki ya wajawazito: kijiti kizuri, ila kinataka saa

Multistix 10 SG ni kijiti cha kupimia mkojo chenye miraba inayobadilika rangi; chupa moja ya Siemens ina vijiti 100. Kwa mjamzito, macho huenda kwanza kwenye mraba wa protini kwa hofu ya kifafa cha mimba, na ni haki. Ila miraba ya naitraiti (kemikali inayotengenezwa na vijidudu) na chembe nyeupe za damu nayo inastahili umakini uleule, kwani ndiyo huashiria UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) isiyo na dalili. UTI hiyo ikiachwa inaweza kupanda hadi kwenye figo. Mwili unapopambana nayo hutoa prostaglandini, kemikali ambazo hulainisha mlango wa kizazi na kuamsha uchungu kabla ya wakati. Mtoto huzaliwa njiti, mapafu machanga, ubongo wake hatarini.

Tatizo kubwa ni usomaji. Sukari husomwa sekunde ya 30, protini na naitraiti ya 60, chembe nyeupe dakika 2 kamili. Anayesoma yote kwa mkupuo huandika "hakuna" pale penye maambukizi. Chovya, toa papo hapo, pangusa ukingo kwenye mdomo wa kikopo, kisha kilaze ili rangi zisichanganyike. Naitraiti ni waridi iliyoenea mraba mzima. Madoa au kingo za waridi si jibu.

Mkojo uwe wa katikati, si wa mwanzo wala wa mwisho, mama akiwa amejisafisha, upimwe ndani ya saa 2. Wa asubuhi ni bora, maana vijidudu huhitaji kama saa 4 kibofuni kutengeneza naitraiti. Ute wa ukeni huongeza chembe nyeupe. Vitamini C huficha naitraiti.

Funga chupa kila ukitoa kijiti. Unyevu, hasa huku pwani, hutia mraba wa naitraiti waridi ya uongo. Joto inapohifadhiwa chupa lisizidi nyuzi 30, wala isiwekwe kwenye friji.

Udhaifu unaotutia wasiwasi zaidi: streptokoki wa kundi B, aina ya bakteria, hatengenezi naitraiti kabisa, naye ni miongoni mwa wanaosababisha maambukizi makali ya damu kwa vichanga. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuotesha mkojo maabara ili vijidudu vionekane, na pasipo na uwezo huo, kupaka rangi ya Gramu ili kuviona kwa darubini, kabla ya kutegemea kijiti. Penye maabara, tungepeleka mkojo huko hata kijiti kisipoonyesha maambukizi. Bakteria wakithibitika, dawa ni siku 7, hata kama mama hahisi maumivu yoyote.