Kasha la sinema za Setsuko Hara: limekwama pale pasipostahili kukwama

Nilikuwa nimeshapanga nyota tano kwa kasha hili la diski za Setsuko Hara, mwigizaji wa zamani wa Japani. Diski mbili za mwanzo zilicheza bila kigugumizi, nikaanza hata kuwasumbua mashoga zangu nao wanunue. Ndipo nikaweka ya tatu.

Ni ile ya mwaka 1953, ya wazee wawili wanaotoka Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao, na watoto hawana muda nao. Anayewajali ni mkwe, Noriko, ambaye mumewe hakurudi kutoka vitani. Noriko ndiye Setsuko Hara. Anatabasamu mwanzo mpaka mwisho, anatabasamu hadi unaanza kumshuku. Kuelekea mwisho baba mkwe anampa saa ya marehemu mama mkwe, na hapo ndipo lile tabasamu linaporomoka. Saa mbili umekaa unalisubiria hilo! Diski yangu sasa: saa imetolewa, Noriko anainamisha kichwa, picha inakatikakatika vipande, sauti inakwaruza, kushtuka naona treni. Nimeifuta kwa kitambaa laini, nimeazima deki ya jirani. Palepale.

Nikamwandikia muuzaji. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, tena anacheka: "Dada, hizo sinema za mwaka arobaini na saba, umeona yote halafu unalilia dakika mbili?" Mwaka arobaini na saba! Hata dharau yenyewe kaikosea hesabu.

Hasira zikanipeleka kwenye kile kijitabu cha ndani, nikakisoma kama hakimu. Kinasema Setsuko alifariki 1963. Jamani! Aliyefariki 1963 ni Ozu, mwongozaji wake, aliyemtumia katika filamu sita. Setsuko alikuwa ameshacheza ya mwisho 1962, akarudi kwenye jina lake la kuzaliwa, Masae Aida, akajifungia mjini Kamakura. Hakutaka mahojiano wala kupigwa picha. Akaishi hivyo miaka hamsini na ushee. Alifariki Septemba 2015 akiwa na miaka 95, na ndugu zake wakakaa kimya, magazeti yakajua Novemba. Mtu ameishi nusu karne nzima, wewe unamzika kwa sentensi moja!

Na wala hakuwa mtu wa tabasamu tu, kama kava linavyotaka tuamini. Katika filamu ya mwongozaji mwingine, Kurosawa, ya 1946, ambayo kasha hili halina, yumo shambani kwa wakwe, tope mpaka magotini, analima mpunga. Wajapani walimbandika jina la bikira wa milele. Alipoacha akasema kazi yenyewe hakuipenda kihivyo, alikuwa anaisaidia familia yake. Wengi walimnunia. Mimi hapo ndipo nilipompenda.

Basi nyota moja. Au mbili, kwa sababu diski ya kwanza, ile ya binti asiyetaka kumwacha baba yake aolewe, nimeirudia mara tatu na bado nalia baba anapomenya tunda peke yake. Tatu, lakini za Setsuko, si za muuzaji.

Anasema nirudishe kasha zima ndipo anirudishie hela. Silirudishi. Nataka diski ya tatu nzima, basi. Na kava hata akilitaka halipo, nimeshalikata, picha iko ukutani jikoni.