Sufuria, Ndizi Mshare na Chupa ya Kijani: Vifaa vya Kuchorea vya Steshenari za Moshi Vimepimwa

Ukiingia steshenari za Moshi mjini ukauliza vifaa vya kuchorea, vinavyowekwa kaunta ni vilevile: seti ya rangi za maji yenye vidonge 12, penseli za HB, rangi za posta za vikopo, pasteli za mafuta, na pale penye bahati mirija michache ya akriliki. Hapa vimepimwa kwa kazi moja tu, ile ya kupanga vyombo vya nyumbani mezani na kuvichora vilivyo. Hukumu isingoje mwisho: pesa ya kwanza iende kwenye karatasi na brashi moja nzuri. Rangi ya bei ndogo juu ya karatasi nzuri hutoa kazi ya kuridhisha, lakini rangi ghali juu ya karatasi ya fotokopi ni hasara tupu.

Meza ya majaribio ilikuwa na sufuria ndogo ya alumini, ndizi mshare tatu mbichi, chupa ya kijani ya soda, yai moja, na kipande cha amerikani nyeupe chini yake. Kila kimoja kina kazi. Yai hupima kivuli laini kisicho na ukingo, sufuria hupima kijivu na mng'aro, chupa hupima kitu kinachopitisha mwanga, na ndizi hupima kijani pamoja na zile kona zake tatu nne ambazo wengi huzisahau wakachora mwezi mwandamo. Kanga iachwe kwa sasa. Maua yake hufuata kila mkunjo wa kitambaa, na mkono usiozoea huyachora kama yamebandikwa ukutani.

Mwanga ndio unaoamua zaidi, na hapa ushauri wa Ulaya unapotosha. Wachoraji wa kule hupenda dirisha la kaskazini kwa sababu jua lao haliingii humo. Moshi ipo kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hubadilisha upande. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba linapita kaskazini, na dirisha la kusini ndilo lenye mwanga mtulivu. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi mambo yanageuka. Asiye na nafasi ya kuhama chumba achukue boksi la katoni, akate upande mmoja wa ubavuni, apange vitu ndani na kuingizia mwanga kutoka upande huo tu. Taa ya dari izimwe. Vyanzo viwili vya mwanga hutupa vivuli viwili, na hakuna penseli itakayokuokoa hapo.

Tuanze na penseli. HB peke yake haitoshi, kwa kuwa ukiikandamiza ili ipate weusi inachimba karatasi na bado inabaki ya kijivu. Ongeza 2B na 6B. Herufi B humaanisha risasi laini na nyeusi zaidi, na nyingi za steshenari zimetengenezwa vizuri. Kasoro iko kwenye kichongeo cha plastiki kinachouzwa nazo. Wembe wake ni butu, hivyo risasi ya 6B hukatikia ndani mara kwa mara. Chonga kwa kisu cha kukatia karatasi, uache risasi wazi kama sentimita moja, kisha uinoe kwa msasa. Na chini ya kiganja weka karatasi safi, maana 6B hupakaa.

Kosa linalojirudia kwenye sufuria ni mdomo wake. Mdomo wa duara ukitazamwa kwa ubavu huwa duaradufu, na duaradufu haina ncha kali pembeni hata ikibanwa vipi. Jambo la pili ni kwamba duaradufu ya kitako huwa imefunguka, yaani imekaribia duara, kuliko ya mdomo, kwa kuwa macho yanaitazama kutoka juu zaidi. Ukichora kitako kwa mstari ulionyooka, sufuria itaonekana imezama mezani. Chora umbo lote la duara, hata sehemu isiyoonekana, halafu ufute.

Risasi ya penseli ikiwekwa nyingi hung'aa, na weusi wa ndani ya chupa unapotea. Hapo mkaa unashinda, nao hauhitaji duka. Mkaa wa jikoni wenyewe ni mgumu, una michanga, na hukwaruza karatasi. Tengeneza wako: kata vijiti vilivyonyooka vya mforosadi, unene wa penseli au pungufu, menya gome, vikauke siku kadhaa. Vipange vikibanana ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, toboa tundu moja dogo juu kwa msumari, kisha zika kopo kwenye moto wa jiko. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, baada ya kama saa moja, ondoa kopo na usilifungue mpaka lipoe kabisa. Likifunguliwa la moto, hewa inaingia na vijiti vinageuka majivu mbele ya macho. Vikitoka vya kahawia havijaiva, virudishe. Kwa kufuta, nyama ya mkate mweupe usio na siagi, iliyofinyangwa kama donge, huinua mkaa bila kuchubua karatasi. Kazi ikiisha, spreyi ya nywele ikipulizwa kwa mbali, tabaka mbili nyepesi, itaushika unga, ingawa baada ya muda inaweza kuifanya karatasi iwe ya njano.

Sasa ile seti ya vidonge 12, ambayo ndiyo wazazi wengi hununua. Tatizo lake ni kijazio kingi kuliko rangi. Ukipaka, inakauka ikiwa hafifu na yenye chaki. Dawa yake ni kuweka tone la maji juu ya kila kidonge dakika 5 kabla ya kuanza, ili kilainike na brashi ichukue rangi nzito. Brashi ya plastiki iliyomo ndani itupwe mapema. Nunua moja ya duara, namba 8, ambayo nywele zake zikilowa zinakusanyika kuwa ncha. Hiyo moja inapaka eneo kubwa na pia mstari mwembamba. Kidonge cheupe kisiguswe, kwa kuwa mng'aro wa sufuria na wa chupa ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila rangi, na ukishaufunika hauurudishi.

Kidonge cheusi nacho kiache. Kijivu cha alumini hutoka kwa kuchanganya bluu ya ultramarini na kahawia nzito. Bluu ikizidi unapata kijivu cha baridi kwa upande wa dirisha, kahawia ikizidi unapata cha joto kwa upande wa meza. Sufuria ni kioo pia, hivyo tumbo lake likiwa karibu na ndizi lazima lioneshe ukanda wa kijani. Kijani cha kwenye seti ni kibichi mno kwa ndizi mshare. Changanya njano na bluu kidogo, halafu tia nyekundu kwa ncha ya brashi ili kitulie.

Karatasi ndiyo inayofelisha seti hii. Ya gramu 80 hujikunja mara tu inapolowa, na maji yanakusanyika mabondeni. Manila nene huvumilia tabaka mbili hivi. Karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 ni adimu zaidi madukani na bei yake inauma, lakini shiti moja kubwa hukatwa vipande 8, na upande wa nyuma nao unatumika. Ibandike kwenye plaiwudi pande zote nne kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi, na usiibandue mpaka ikauke. Yale madoa yenye kingo kama ua la koliflawa hutokea pale brashi yenye maji mengi inapogusa rangi iliyokauka nusu. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya baridi, bado ina maji, subiri. Wakati wa masika kusubiri huku ni kurefu mno.

Ili kujua kama rangi itadumu, paka mistari yote 12, funika nusu kwa kadi na ubandike dirishani penye jua kwa wiki 4. Mara nyingi pinki na zambarau za bei rahisi ndizo zinazokimbia kwanza. Kwenye mirija, tazama kama imeandikwa namba ya rangi: PB29 ni ultramarini, PBr7 ni kahawia za udongo, PW6 ni nyeupe ya titani. Mtengenezaji anayeandika namba hizo amekuambia alichotia ndani.

Kahawa nayo hupakwa kama rangi na inastahili sifa zake, tena katika mji wa kahawa. Ya kusaga haifai sana, maana inaacha machicha na rangi yake ni hafifu usipoichemsha ikapungua. Ya unga unaoyeyuka kama Africafé ndiyo rangi. Kijiko 1 cha chai kwa vijiko 2 vya maji kinatoa kahawia ya giza. Nyongeza ya maji inatoa ngazi nyingine: kijiko 1 kwa 6, na 1 kwa 15. Ngazi tatu hizo pamoja na weupe wa karatasi zinatosha kwa meza nzima, na kwa anayejifunza vivuli ni bora kuliko vidonge 12, kwani hakuna rangi za kumbabaisha. Ikiwekwa nzito mno inabaki inanata na kung'aa, na kurasa mbili zikikutana zinashikana. Isitundikwe juani.

Rangi za posta zinaficha vizuri, kwa hiyo unaweza kurudi na mng'aro mweupe mwishoni. Ziwe nzito kama uji mwepesi. Zikiwa nzito zaidi zinapasuka zikikauka, na nyeusi hukauka ikawa ya kijivu. Tabaka la pili likisuguliwa huamsha la kwanza na kulichafua, hivyo pitisha brashi mara moja na uondoke.

Pasteli za mafuta hazikauki kamwe. Zile za bei ya chini zina nta nyingi, zinateleza badala ya kushika. Anza na rangi nyepesi, malizia na nzito, na mng'aro wa chupa ukwangue kwa ncha ya sindano. Watu huzilainisha kwa mafuta ya kupikia, nayo yanapenya hadi nyuma ya karatasi na kuacha doa. Tumia kidole.

Akriliki, tofauti na posta, hukauka ikiwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, na ikishakauka haiyeyuki tena, iwe kwenye picha au kwenye brashi. Joto la Januari na Februari huikausha kwenye sahani kabla hujamaliza yai. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko, tandika tishu zilizolowa, juu yake karatasi ya kuokea, na changanyia hapo. Hadibodi inafaa kupakiwa: isugue kwa msasa, paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani tabaka mbili, na nyuma tabaka moja isije ikajikunja.

Rangi ya mafuta ya kopo, ile ya hadwea, ndiyo aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) juu ya hadibodi. Haichanganyiki taratibu kuwa kivuli cha yai, lakini birika lililogawanywa kwenye maumbo bapa ya giza na mwanga linapendeza nayo mno. Dirisha liwe wazi, na watoto wasiitumie.

Chupa ikikushinda kwa mng'aro, ipake rangi isiyong'aa. Giorgio Morandi (1890–1964) wa Bologna, Italia, aliyechora chupa na makopo yaleyale kwa miongo, alizifanyia hivyo baadhi ya zake. Ndizi zichorwe siku ya kwanza, kabla hazijaanza njano. Na kwa kuwa sufuria itatakiwa jikoni jioni, zungusha chaki kwenye kitambaa kufuata kitako cha kila chombo, weka alama ya miguu ya kiti sakafuni, na andika saa pembeni mwa karatasi. Kazi iliyoanza saa 3 asubuhi iendelee kesho saa 3 asubuhi, kivuli kikiwa palepale.