JT Proflex: uzoefu wangu na barakoa hii ya peintiboli kwenye joto na unyevu

Nimebaki na Proflex kwa sababu mbili: lenzi yake ya tabaka mbili haishiki ukungu ovyo, na sehemu ya chini, ile inayofunika mdomo na kidevu, ni ya mpira laini. Kubadilisha lenzi kunataka subira, na mwenye miwani mikubwa ya macho aijaribu usoni kabla ya kutoa pesa. Nimeivaa kwenye jua la pwani na kwenye baridi ya Julai huku bara, na nimeazima barakoa nyingine mbili za wenzangu, V-Force Grill na Dye i4, kwa hiyo nina cha kulinganisha.

Tuanze na kile kinachokuja usoni. Gololi ya kawaida ya peintiboli, ganda laini lililojaa rangi, ina kipenyo cha inchi 0.68, yaani milimita 17 na kidogo, na uzito wa gramu 3 hivi. Viwanja vingi haviruhusu bunduki kuzidi futi 300 kwa sekunde, sawa na mita 91, na vingine hushusha hadi 280. Ukipiga hesabu ya nguvu ya pigo unapata takriban jouli 12.5. Gololi ya plastiki ya airsoft, mchezo mwingine wa bunduki usiotumia rangi, yenye gramu 0.2, ikienda mita 100 kwa sekunde, ni jouli 1 tu. Miwani ya karakana yenye alama F ya kiwango cha Ulaya cha EN 166 hujaribiwa kwa kigololi cha chuma cha milimita 6 kinachokwenda mita 45 kwa sekunde, na hicho hakifiki hata jouli 1. Ndiyo maana miwani ya fundi haifai, wala ya pikipiki, wala zile barakoa za wavu wa chuma za airsoft. Wavu utazuia gololi, lakini rangi na vipande vya ganda vitapenya hadi machoni. Alama ya kutafuta ni ASTM F1776, kiwango cha Marekani kilichotungwa kwa ajili ya peintiboli yenyewe. Itafute kwenye lenzi au kwenye fremu. Maneno ya muuzaji mtandaoni peke yake hayatoshi.

Sasa Proflex yenyewe. Fremu ya juu hushika lenzi, na chini yake kuna ule mpira unaonesanesa. Ukiuminya kwa vidole unaingia ndani kisha unarudi. Faida yake wachezaji wa mashindano wanaijua: gololi iliyokuja kwa pembe hudunda bila kupasuka, na gololi isiyopasuka na kukuachia rangi haikutoi mchezoni. Hasara yake ni kwamba mpira laini haupunguzi uchungu kama plastiki ngumu, hivyo gololi ya karibu ikipiga kidevuni utaisikia vizuri. Mimi nakubali biashara hiyo. Anayeletea mtoto au mtu anayeogopa maumivu achague barakoa yenye taya gumu.

Sehemu za masikio ni laini pia na zina matundu, kwa hiyo unamsikia mwenzako akikuita kutoka kizuizi cha pili. Jambo hili huonekana dogo mpaka uvae barakoa za kukodi zinazoziba masikio kabisa, mkaanza kupigiana kelele kama mko kwenye mashine ya kusaga.

Ukungu ndio mtihani mkubwa kuliko yote. Pumzi na jasho vina mvuke, na mvuke ukigusa plastiki iliyo baridi kuliko hewa ya ndani, unageuka matone. Lenzi ya tabaka moja upande wake wa nje hupigwa na upepo, upande wa ndani nao unapoa hapo hapo. Asubuhi ya baridi Nairobi au Limuru haikai muda mrefu kabla hujaanza kuona maziwa matupu. Lenzi ya tabaka mbili ina nafasi ya hewa katikati iliyozibwa kwa sponji nyembamba, hivyo tabaka la ndani linabaki na joto la karibu na la uso wako. Kwa baridi ni dawa kamili. Pwani hali ni nyingine. Hewa yenyewe imeshajaa unyevu, jasho halikauki, na hata lenzi ya tabaka mbili italemewa ukikimbia kisha ukajibanza nyuma ya kizuizi bila upepo. Hapo kinachosaidia ni kupumua kuelekea chini, na kusubiri sekunde chache umegeuza uso kwenye upepo, barakoa ikiwa bado usoni.

Wengi hujiletea ukungu wenyewe bila kujua. Kitambaa kilichofungwa mdomoni chini ya barakoa husukuma pumzi yote juu, moja kwa moja kwenye lenzi. Kama unataka kufunika shingo, kishushe chini ya kidevu. Mkanda ukikazwa kupita kiasi nao huminya sponji mpaka hewa haipiti, na kichwa kinauma juu yake. Kuna feni ndogo za betri zinazofungwa juu ya barakoa. Zina mlio, lakini kwa mwenye miwani wa pwani ningesema anunue, asibishane.

Nalisisitiza hili la ukungu kwa sababu mtu asiyeona huinua barakoa ili afute. Majeraha mabaya ya jicho kwenye mchezo huu, damu kujaa ndani ya jicho au retina kubanduka, huwapata zaidi watu ambao wakati huo hawakuwa na kinga machoni. Ukiishiwa kuona, mwite refa, inua mkono, utoke hadi eneo salama ambako mitutu yote imevishwa soksi, yaani vifuniko vya kitambaa vinavyozuia gololi isitoke. Humo ndimo pa kuvulia.

Kuhusu kuvaa. Weka barakoa usoni kwanza bila mkanda, uishike kwa kiganja. Sponji iguse paji, kando ya macho na mashavu bila mwanya wowote. Mtu mwingine akutazame kwa ubavu, maana mwanya wa kwenye kipaji cha uso wewe mwenyewe huuoni. Kisha vuta mkanda ukae chini kidogo ya kisogo, pale kichwa kinapoanza kuingia ndani. Tikisa kichwa, halafu sukuma kidevu cha barakoa juu kwa ngumi. Ikipanda hadi sponji ikaachana na shavu, kaza kidogo. Jaribio hilo la kidevu watu hulisahau, wakati ndicho hasa kinachotokea ukitambaa kwa tumbo: ardhi inasukuma barakoa juu. Mwenye rasta au misuko minene apitishe mkanda chini ya fundo, la sivyo utateleza. Mtandio mwepesi unaweza kukaa chini ya mkanda bila tatizo, ila usiingie kati ya sponji na ngozi.

Lenzi za Proflex ni za familia ya Spectra ya JT, kampuni inayoitengeneza, kwa hiyo hupatikana za rangi nyingi na zinaingiliana na barakoa nyingine za familia hiyo. Kwa msituni nashauri isiyo na rangi, hakuna kingine. Nyeusi na ya kioo hupendeza kwenye picha na kwenye uwanja wazi wa jua la saa saba, lakini chini ya miti unakuwa kama umevaa miwani ya jua usiku.

Kuibadilisha: fungua vibanio vya pembeni pande zote mbili, vile vile vinavyoshika mkanda. Kunjua ukingo wa fremu taratibu kuanzia upande mmoja, lenzi itoke. Lenzi mpya ianzie katikati, kwenye daraja la pua, kisha isukumie kwenye mfereji wa fremu ukielekea nje, juu na chini kwa zamu. Rudisha vibanio hadi viingie sawasawa, halafu bonyeza lenzi kwa gumba kutoka ndani kwenda nje, sehemu ile ile ambayo hofu yako ipo. Ikichomoka hata pembe moja, anza upya. Makosa ya kawaida ni kipande cha ganda la gololi kubaki ndani ya mfereji, lenzi ikakaa kama imeingia kumbe haijaingia. Grill kwenye hili iko mbele sana, lenzi yake inatoka na kuingia upesi. Kama unacheza mashindano na unataka kubadilisha lenzi kati ya raundi, hilo pekee linatosha kukufanya uichague.

Usafi ndio unaoamua lenzi itaishi muda gani. Ndani ya gololi hamna rangi ya mafuta. Kwa kawaida ni polithilini glaikoli iliyotiwa rangi, ganda ni jelatini, na rangi yenyewe inatoka kwa maji. Nyunyizia maji upande wa nje, acha uchafu ulainike, kisha futa kwa kitambaa laini cha kusafishia miwani bila kugandamiza. Ukianza kufuta kikavu, mchanga uliochanganyika na rangi unakuwa msasa. Upande wa ndani una dawa ya kuzuia ukungu iliyopakwa kiwandani, na kusugua kunaiondoa. Huo gusa tu kwa kitambaa kikavu mpaka unyevu uishe. Sabuni ya vioo yenye amonia, spiriti na petroli ni marufuku, kwa sababu polikaboneti, plastiki ya lenzi, hupata nyufa ndogo ndogo zisizoonekana na nguvu zake zinapungua. Dawa za mbu zenye DEET huharibu plastiki za aina nyingi, kwa hiyo jipake, nawa mikono, ndipo ushike barakoa.

Usizamishe lenzi ya tabaka mbili kwenye ndoo, kamwe. Maji yakiingia katikati ya tabaka, unapata ukungu ambao kitambaa hakiufikii. Iache kivulini siku kadhaa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukungu ukirudi mchezo unaofuata, lenzi hiyo imekwisha. Garini juani nako siyo pa kuiacha.

Hata ukiitunza, lenzi ni kitu cha kubadilishwa. Angalau mara moja kwa mwaka, na papo hapo ikiwa ina ufa, mkwaruzo wa kina, au imepigwa moja kwa moja kutoka karibu sana. Pesa ya lenzi ya ziada iingie kwenye hesabu yako tangu siku ya kununua barakoa.

Dye i4 ni ndogo na nyepesi, inakaa karibu na uso, na inakuachia nafasi ya kuegemeza shavu kwenye bunduki kuliko Proflex. Udogo huo huo unamaanisha ngozi zaidi inabaki wazi kwenye taya, na mwenye miwani hubanwa. Kwa miwani, Grill ina nafasi zaidi ndani kuliko i4. Vyovyote utakavyochagua, nenda na miwani yako uivae pamoja na barakoa. Mikono ya miwani ikiinua sponji kwenye kipaji, jaribu miwani yenye mikono myembamba kabla ya kulaumu barakoa.

Kwa anayekodi uwanjani, nyingi ni za lenzi ya tabaka moja na zimepita vichwa vingi. Kabla hujapokea, inua lenzi kwenye mwanga uangalie nyufa kwenye pembe, vuta mkanda uone kama bado una mvuto, na pitisha kidole kwenye sponji. Iliyobanduka rudisha, omba nyingine. Ya mitumba nayo ni hivyo hivyo: fremu ya Proflex huvumilia miaka mingi, na sponji, mkanda, mpira wa chini na masikio vyote hununuliwa kimoja kimoja. Lenzi iliyokuja nayo itoe siku hiyo hiyo, hata kama inang'aa, kwa sababu hujui imepigwa kutoka umbali gani wala imefutwa kwa nini.