Waksi ipi ununue? Tazama kwanza plastiki nyeusi za gari lako

Miezi minane iliyopita nilinunua kopo la waksi kwa sababu mbili ambazo leo nazijutia: lilinukia vizuri, na muuzaji aliniapia kwamba yeye mwenyewe hatumii nyingine. Nikaosha gari asubuhi, nikalipaka lote kuanzia paa hadi milango ya nyuma, nikafuta. Rangi ilipendeza, siwezi kusema uongo. Kesho yake jua lilipopanda ndipo nilipoona. Sehemu ya chini ya bampa, ile isiyopakwa rangi, plastiki zinazozunguka matairi, raba za madirisha, shina la vioo vya pembeni: kote kulikuwa na madoa meupe, kana kwamba mtu amepitisha chokaa kwa kidole. Nikamwagia maji, yakapotea. Nikashukuru. Maji yalipokauka yakarudi yote, kila moja mahali pake.

Nimeyasugua madoa hayo kwa majuma matatu. Na tangu nianze kulizungumza jambo hili, watu wananiletea malalamiko yale yale: gari linang'aa, lakini ukilisogelea linaonekana kama limezeeka miaka kumi kwa siku moja.

Ndiyo maana hapa sipangi waksi kwa mng'ao. Rangi iliyosafishwa vizuri, karibu kila waksi itaing'arisha siku ya kwanza. Wala sitapoteza muda na harufu, rangi ya chupa au sponji ya bure iliyobandikwa kwenye kifuniko. Nazipanga kwa swali moja: ikigusa plastiki nyeusi, inaacha nini?

Weupe unatoka wapi

Plastiki ile haina rangi ya juu wala klia, lile tabaka angavu linalopigwa juu ya rangi ya gari kuilinda. Uso wake una vijibonde vidogo vidogo. Pitisha ukucha utavisikia. Kitambaa kinapofuta kinapita juu ya vilima, na kilichoingia mabondeni kinabaki. Waksi nyingi hukauka zikawa ukungu mweupe. Kwenye mlango uliopigwa klia ukungu huo unafutika wote kwa mkono mmoja, kwenye plastiki haufutiki. Hali inakuwa mbaya zaidi kama kopo lina unga wa kusugulia, kwa sababu unga huo hauyeyuki kwa maji wala kwa jua. Ukilowesha doa, maji yanajaza vijibonde na weupe hauonekani tena. Yakikauka, unga uko pale pale.

Hapo ndipo nilipogundua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kopo langu liliandikwa waksi kwa herufi kubwa, kumbe lilikuwa polishi na waksi zilizochanganywa pamoja, na neno la kusema hivyo lilikuwa nyuma, chini, kwa herufi za kutafuta na miwani. Hizi si bidhaa mbili zenye kazi moja. Polishi inapunguza: inakwangua tabaka jembamba la klia ili mikwaruzo iishe. Waksi inaongeza: inatandika kinga juu. Klia ya gari lililotoka kiwandani mara nyingi huwa maikroni 35 hadi 50 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja), na unywele wa kichwa kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Mtu anayepaka mchanganyiko wa aina hiyo kila mwezi akiamini analinda rangi, anailamba klia kidogo kidogo, na klia haioti tena.

Kuna jaribio la dakika mbili ambalo nalifanya sasa kwa kila kopo jipya. Tafuta plastiki ngumu inayoonesha, kama kifuniko cha kasha la zamani la CD. Upande mmoja sugua kwa kitambaa laini chenye maji tu. Upande wa pili sugua kwa kitambaa kama hicho chenye tone la hiyo waksi, kwa nguvu ile ile. Futa, kisha ugeuzegeuze kwenye mwanga. Upande wa waksi ukiwa na ukungu wa mikwaruzo mipya ambayo upande wa maji hauna, kopo lina unga wa kusugulia, hata kama limeandikwa nini mbele.

Kabla ya waksi

Hapa nitapita haraka. Osha gari, likaushe, kisha vaa mfuko mwepesi wa nailoni mkononi upapase boneti. Ukisikia chenga chenga kama za mchanga, nunua udongo wa kusafishia rangi na uutumie na maji mengi ya sabuni. Ukidondoka chini usiuokote, umekwisha. Mikwaruzo ipime kwa ukucha: ukucha ukinasa, hakuna polishi ya nyumbani itakayoutoa mkwaruzo huo, mwachie fundi rangi. Usiponasa, anza na Meguiar's Ultimate Polish. Ikishindwa, panda hadi Ultimate Compound, kisha urudi kwenye Ultimate Polish kumalizia. Kuanza na kompaundi kali kwa pupa ni kutupa klia ambayo ungeihitaji miaka ijayo.

Kwa mkono inawezekana, ila utachoka na mikwaruzo mizito itabaki. Ukitaka mashine, chukua ile inayozunguka huku ikitikisika. Ile ya mzunguko mtupu, kwa mtu asiyeizoea, inachoma kingo za milango na mikunjo ya boneti, mahali ambapo klia ni nyembamba kuliko pote.

Na kabla ya yote hayo, nunua tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Zungushia kila plastiki nyeusi na kila raba. Kazi ya robo saa hiyo ingeniokolea majuma matatu.

1. Meguiar's Ultimate Liquid Wax

Sifichi kwamba mimi ni mtu wa Meguiar's. Ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1901 na Frank Meguiar, ikaanza kwa polishi ya samani za mbao kabla ya kuhamia kwenye magari, na tangu 2008 iko chini ya kampuni ya 3M. Lakini umri haukunivuta. Kilichonivuta ni kwamba watengenezaji hawa walilifikiria tatizo langu hadi wakaliandika: waksi hii inauzwa kwa ahadi ya kutoacha weupe kwenye plastiki. Haina unga wa kusugulia. Kinga yake imetengenezwa kiwandani, haitegemei nta ya mmea.

Sikuamini maandishi. Nilibandika tepu kwenye bampa ya nyuma nikaacha mraba wa ukubwa wa kiganja, nikaipaka humo makusudi, kwenye plastiki yenyewe, nikaiacha ikauke kisha nikafuta. Siku ya pili nikatoa tepu. Mraba ulikuwa mweusi kidogo kuliko plastiki ya pembeni, na hapakuwa na chembe nyeupe hata nilipochungulia kwa tochi. Nikasubiri mvua, nikasubiri jua, bado.

Kasoro yake moja ni kwamba haifichi chochote. Rangi yako ikiwa na ile mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui, itabaki kuonekana, na unaweza kudhani umepoteza pesa. Kwangu hilo ni jema. Waksi zinazoficha huwa na mafuta ya kujaza mikwaruzo; ukiosha mara tatu nne inachomoza tena, na wewe ulikwisha kuamini imetoka.

Paka kidogo. Tone la ukubwa wa sarafu linatosha mlango mzima. Ukiona umepaka ukapata rangi ya maziwa, umezidisha.

2. Collinite 845

Hii ina historia ninayoipenda. Jina lake kamili ni Insulator Wax, kwa sababu ilitumika kwenye vile vikombe vya kuzuia umeme juu ya nguzo, vinavyopigwa na jua na mvua mwaka mzima bila mtu kuvipangusa. Ina nta ya mmea iliyochanganywa na kinga ya kiwandani, na kwa kudumu nimeiona inashinda zote nilizojaribu: miezi inapita na maji bado yanajikunja kuwa shanga juu ya boneti.

Kwa nini basi ni ya pili? Plastiki. Ukipaka nyembamba na kuikwepa, hakuna shida. Ukizidisha ikagusa raba ya dirisha, utaniandikia. Penye baridi inaganda ndani ya chupa, kwa hiyo iweke kwenye maji ya uvuguvugu kisha uitikise sana kabla ya kutumia. Ndugu yake wa kopo, 476S, ni mkaidi zaidi: anadumu, lakini ukimwacha akauke kupita kiasi mkono wako utalipa. Mwenye gari lisilo na plastiki nyingi nje anaweza kuipandisha 845 iwe ya kwanza na nisimbishie.

3. Turtle Wax Hybrid Solutions Ceramic Spray Coating

Unapuliza, unasambaza kwa taulo la maikrofaiba, unafuta kwa taulo la pili kavu. Ina silika, madini yanayotengenezewa kioo, haina unga wa kusugulia, na kwenye plastiki haijaniachia doa. Kwa kigezo changu ingestahili kupanda, ila ina tabia moja inayonikera: ukiipuliza kwenye bodi lenye joto, inakauka kabla hujaifikia na kuacha mistari ya upinde wa mvua ambayo gari jeusi linaionesha yote. Tena ukungu wake unaruka hadi kwenye kioo cha mbele, na siku ya mvua waipa zinaanza kurukaruka. Pulizia kwenye taulo, usipulizie kwenye gari.

Na neno seramiki lisikubabaishe. Chupa ya kupuliza si ile seramiki inayopakwa na fundi kwa siku nzima baada ya kuipolishi rangi yote. Anayekuambia ni kitu kimoja anataka pesa yako.

4. Waksi za kanauba

Kanauba ni nta inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi huko kaskazini mashariki mwa Brazili, ngumu kuliko nta zote za mimea tunazozifahamu, na huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 80. Juu ya rangi nyeusi au nyekundu inatoa kina ambacho waksi ya kiwandani haijakifikia, na ninaielewa kabisa roho ya mtu anayeipaka kabla ya harusi ya mwanawe. Ila haikai. Sabuni kali mara chache, imekwenda. Na zile za kopo, zilizo ngumu, huacha vipande vyeupe kwenye mikunjo ya raba na pembezoni mwa herufi za nembo.

Ukiona kopo limeandikwa kanauba asilimia 100, lirudishe. Kanauba tupu ni magamba makavu, magumu, hayapakiki hata kwa kisu. Lazima ichanganywe na mafuta na kiyeyushi ndipo isambae, kwa hiyo kopo lote haliwezi kuwa kanauba.

5. Zile za bei ya chini

Nyingi ni ule mchanganyiko wa polishi na waksi nilioueleza juu. Kwa gari la zamani ambalo rangi yake imekwisha kufifia, na halina plastiki nyeusi, paka mara moja kwa mwaka. Vinginevyo pita.

Wauzaji

Nina jambo moyoni na nitalisema. Nilirudi kwa aliyeniuzia lile kopo, nikamwonesha bampa. Akaniambia nilipaka vibaya, kisha papo hapo akanitolea chupa nyingine ya kurudisha weusi wa plastiki. Yaani aliyenitia doa ndiye aliyetaka kuniuzia dawa yake. Nikamwuliza kama kopo lile lina unga wa kusugulia. Hakujua. Akasoma nyuma ya kopo mbele yangu kwa mara ya kwanza.

Si yeye peke yake. Nimekuta waksi iliyomiminwa kwenye vichupa vidogo visivyo na jina, eti kurahisisha bei. Ukigawa bei kwa mililita unalipa zaidi kuliko chupa nzima, na hujui unachopaka. Nimekuta seti zenye vitu saba ambapo unavihitaji viwili. Nimekuta makopo yaliyopangwa dirishani juani miezi mingi, ukifungua mafuta yako juu na nta iko chini. Mtu anayeuza dawa ya kupaka kwenye kitu cha thamani kubwa kuliko vyote alivyo navyo mnunuzi, ukiondoa nyumba, anapaswa kujua neno moja tu: kinasugua au hakisugui. Muulize hilo kabla hujatoa pesa. Akibabaika, ondoka.

Kama plastiki imekwisha kuchafuka

Usikimbilie ile dawa ya kurudisha weusi. Inafunika, na ikififia unga unatokea tena. Anza na maji ya moto yenye sabuni na mswaki laini, ukizungusha taratibu. Kilichobaki kipitishie kitambaa chenye spiriti, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kilichong'ang'ania kifute kwa raba nyeupe ya kufutia penseli. Inajipinda, inaingia mabondeni, na unga unatoka nayo ukiwa vipande vya kijivu vya kupuliza.

Hivyo ndivyo nilivyomaliza bampa zote mbili na plastiki za matairi. Chini ya kioo cha pembeni upande wa dereva, pale raba inapokunja kona, bado kuna mstari mweupe mwembamba kama uzi. Raba ya penseli haifiki. Jumamosi nitaikata iwe na ncha.