Bukta ya mikanda, miezi 15 kwenye barabara ya Bagamoyo: uzoefu wangu

Bukta ninayoizungumzia ni ile nyeusi ya kubana ya waendesha baiskeli. Inaishia juu kidogo ya goti, ina sponji iliyoshonewa sehemu ya kukalia, na badala ya lastiki ya kiunoni ina mikanda miwili inayopita mabegani. Nimeivaa miezi 15, karibu kila Jumamosi, kutoka Tegeta hadi Bagamoyo na kurudi, kilomita 90 hivi. Kaka yangu aliye Ujerumani ndiye aliyeinunua, mtu akaja nayo, na hadi kunifikia mkononi ilikuwa imenigharimu shilingi 210,000. Najua hiyo ni ada ya mtoto wa mtu. Najua pia wengi watauliza nguo inayofanana na taiti ya elfu kumi inapataje bei hiyo. Nitaeleza, ila siwezi kuieleza nguo hii nikayaacha macho ya watu, kwa sababu mwanamke akipanda baiskeli ya spoti kwenye barabara ile, nguo na macho vinakwenda pamoja.

Kabla ya hii nilikuwa na nyingine ya 35,000, niliyoagiza kwenye duka moja la mtandaoni. Sponji yake ilikuwa nyembamba kama ya kuoshea vyombo, na baada ya saa mbili nilikuwa nimekalia chuma. Lakini kilichoniumiza hasa si sponji. Kitambaa cha bukta hizi kimechanganywa na nyuzi za kunyumbulika, zile za Lycra ambazo kampuni ya DuPont ya Marekani ilizivumbua mwaka 1958. Nyuzi hizo huchoka kwa jasho, jua na sabuni, na za bei ya chini huchoka upesi. Kitambaa kikichoka kinakuwa kama neti. Ukisimama mbele ya kioo huoni kitu, lakini ukiinama kwenye usukani kinavutika, na aliye nyuma yako anaona kila kilichomo.

Niliendesha hivyo miezi mitatu. Kwenye kikundi chetu cha waendesha baiskeli tunakwenda kwa msururu, mmoja nyuma ya gurudumu la mwenzake ili kukwepa upepo, kwa hiyo nyuma yangu kulikuwa na mtu muda wote. Waliona. Baadaye nilikuja kujua kwamba walikuwa wakisemezana, na kwenye WhatsApp kulikuwa na picha. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, mpaka siku alipokuja dada mmoja mgeni, mtu mzima kunizidi, akanivuta pembeni pale Bunju na kuninong'oneza: "Mdogo wangu, usikasirike. Bukta yako imekwisha. Chukua koti langu hili ujifunge kiunoni, halafu leo kaa mwisho na mimi." Nililia njia nzima ya kurudi, wala sikulia kwa ajili ya ile bukta. Watu niliokuwa nawagawia maji yangu waliniona natembea uchi wakanyamaza.

Yule dada ndiye aliyenifundisha jaribio ninalolifanya hadi leo, na ningependa kila mwanamke anayesoma hapa alifanye kesho asubuhi. Vaa pete kidoleni. Ingiza mkono ndani ya bukta, sehemu ya nyuma ya makalio, tanua vidole mpaka kitambaa kivutike, kisha simama dirishani penye jua. Ukiiona pete yako, hiyo bukta ni ya kudekia. Hii yangu ya 210,000 nimeijaribu mwezi huu, baada ya miezi 15, na pete sijaiona. Hilo peke yake kwangu limekwishalipa nusu ya bei.

Nusu nyingine inalipwa na sponji. Siyo nene sana kama watu wanavyodhani, ila ni ngumu ukiibonyeza. Unene ukiwa laini tu unalala chini ya uzito wako mapema, halafu unakuwa kama nepi iliyolowa. Hii ina tabaka mbili: sehemu mifupa ya makalio inapokaa ni nzito zaidi, na katikati kuna mfereji. Baada ya saa nne nachoka miguu na shingo kama kila mtu, lakini makalio yapo salama. Zamani, bukta zilipokuwa za sufu, waendeshaji wa Ulaya walishonea ndani ngozi laini ya mbuzi-mwitu wa milimani, na iliwabidi waipake mafuta kila mara isikakamae baada ya kufuliwa. Siku hizi ni sponji, mafuta si lazima. Ukitaka kupaka, tumia krimu, usitumie mafuta ya mgando. Mimi nilipaka, yakaingia kwenye sponji, yakakataa kutoka hata baada ya kufua mara nne.

Na bukta hii haivaliwi na chupi ndani. Hili linawashtua wengi, nami lilinishtua. Mshono wa chupi ukikaa kati ya ngozi na sponji kwa saa nne kwenye joto la Dar, michubuko utakayopata itakukalisha nyumbani wiki nzima. Sasa, kwa sababu haivaliwi na kitu ndani, lazima ifuliwe kila unaporudi. Maji ya baridi, sabuni ya unga kidogo, geuza ndani nje, anika kivulini. Usitie dawa ya kulainisha nguo. Ukiivaa mara mbili bila kufua, usije ukalaumu bukta kwa majipu.

Kuhusu mikanda, wanaume watawaambia kwamba ni bora kuliko lastiki kwa sababu tumbo halibanwi. Ni kweli. Ila hawatawaambia habari ya choo. Ukivaa bukta ya mikanda ya kawaida, ili ujisaidie inabidi uvue jezi kwanza, ndipo ushushe mikanda. Fikiria hilo kwenye choo cha kituo cha mafuta, sakafu imelowa na hakuna hata msumari wa kutundikia jezi. Nawajua akina dada ambao hawanywi maji safari nzima kwa kuogopa jambo hili, na joto lile linajulikana. Hii yangu ina kifungo cha kunasa mgongoni: napenyeza mkono chini ya jezi, nafungua, nashusha, namaliza, nafunga. Mara moja moja kinanichoma nikiinama sana, lakini sikibadilishi na chochote. Dada, ukinunua ya mikanda, uliza kifungo hicho kabla hujauliza rangi.

Nirudi kwenye macho ya watu. Makondakta wa daladala wana maneno yao na nimeshayazoea, ingawa kuyazoea si kuyakubali. Wapo wanaotoa simu dirishani. Mmoja aliteremka kabisa Boko mwisho ili apige picha vizuri. Hao sina la kuwaambia zaidi ya kwamba mwili wangu ukiwa kazini si maonyesho.

Mama anayechoma vitumbua upande wa Kiromo ni habari nyingine, na naomba nisiwaweke kapu moja. Siku ya kwanza nimesimama pale na njaa, akanitazama juu mpaka chini. Hakunitukana. Akasema, "Karibu mwanangu, lakini jifunge kwanza, hapa wanakaa wazee." Akavua kanga yake ya begani akanipa. Nikajifunga, nikakaa kwenye benchi, akanimiminia chai ya rangi, akaniuliza nimetoka wapi na watoto nimemwachia nani. Tangu siku hiyo nabeba kanga moja kwenye mfuko wa nyuma wa jezi. Ukiikunja vizuri inaingia mfuko wa kati, kushoto pampu, kulia ndizi. Nikifika natundika kofia kwenye usukani, najifunga, nasalimia.

Wenzangu wawili wa kikundi wamewahi kuniambia kwamba kwa kufanya hivyo nakubali kudharauliwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Barabarani nimevaa kwa ajili ya siti, na anayeniangalia ayageuze macho yake. Nikiingia barazani kwa mtu, nimeingia kwake. Mama yule alinipa nguo ya mwilini mwake kabla hajaniuza kitumbua. Waliopiga picha nyuma yangu hawakunipa hata neno.

Kwa kweli hukumu ngumu kuliko zote nimezikuta ndani ya kikundi chenyewe. Watu wanapima urefu wa soksi. Soksi fupi ya kifundoni wanasema ni ya mtu wa gym. Wanataka ifike katikati ya mguu, wanatoa na mfano wa kanuni ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, kwamba soksi isivuke nusu ya njia kutoka kifundo hadi goti. Hiyo kanuni ni ya mashindano. Sisi tunakwenda kunywa chai Bagamoyo.

Kuna kijana wetu, fundi baiskeli, mwenye miguu kuliko sote. Alipata jezi ya mtumba pale Karume kwa shilingi 8,000, nyeupe, kifuani ina mistari mitano: bluu, nyekundu, nyeusi, njano na kijani. Hakujua ni nini, aliipenda rangi. Jumamosi ile mkubwa mmoja alimsimamisha mbele ya watu wote akamwambia aivue, kwamba ile ni jezi ya bingwa wa dunia na mtu hujivika akiishinda. Kweli mistari ile ni ya bingwa wa dunia, tangu mwaka 1927. Lakini unamvuaje kijana nguo yake barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri, na wewe mwenyewe umevaa jezi ya timu ya Ulaya isiyokujua? Nilisema pale pale. Kijana hakuja wiki tatu.

Alirudi kwangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofika Kigali, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Tuliyatazama sebuleni pamoja na mama yangu, ambaye siku zote alikuwa akiniambia, "Hiyo nguo yako, sijui." Wanawake wakapita wakipanda kile kilima cha mawe cha Kimihurura, mmoja mmoja, wamechoka, bukta kama yangu, na pembeni watu wamejaa wanashangilia, wazee kwa watoto. Mama akanyamaza muda mrefu. Halafu: "Kumbe ndiyo nguo yao ya kazi." Akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, na kesho yake kwa wanaume Tadej Pogačar. Vallieres alipovishwa ile jezi ya mistari mitano, kijana alikuwa amekaa kwenye zulia langu amevaa ya kwake ya 8,000, na hakuna aliyemwambia kitu.

Nizungumzie rangi kidogo. Bukta iwe nyeusi, hilo nakubaliana na wakongwe, haionyeshi jasho wala mafuta ya cheni. Jezi, hapana. Siku hizi mtindo ni nyeusi juu mpaka chini, inapendeza kwenye picha. Barabara ile ina malori ya mchanga. Mimi jezi yangu ni ya machungwa inayowaka, wameshaniita kondakta, wameniita mtu wa manispaa. Acha waniite, bora dereva wa lori anione.

Je, kila mtu anaihitaji bukta hii? Hapana. Tulipopata pancha Mapinga alisimama kutusaidia baba mmoja mwenye baiskeli ya Phoenix na magunia mawili ya mkaa. Alivaa suruali ya kitambaa, mguu wa kulia ameufunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi usiliwe na cheni. Akaniuliza, "Dada, hiyo nguo ndiyo inayowapa mwendo?" Nikamwambia hapana, ni kwa sababu ya siti. Akaibonyeza siti yangu kwa kidole gumba, akashtuka. Ya kwake ni pana, ina springi mbili kubwa nyuma, na usukani uko juu, anakaa wima. Siti ya spoti ni nyembamba na unainama, na sponji ambayo haipo kwenye siti ndiyo unayoivaa. Alielewa haraka kuliko wenzangu wengi wa ofisini. Kama baiskeli yako ni ya namna yake, au safari yako ni ya nusu saa kwenda kazini, baki na pesa yako.

Kasoro za hii yangu: utepe wa mpira unaoshika paja umelegea mguu wa kushoto, sasa bukta inapanda. Weusi umepauka mabegani. Mwezi wa 11 mkanda mmoja ulifumuka, nikampelekea fundi cherehani wa hapa Tegeta. Aliushona kwa zigzagi, uzi wa nailoni, shilingi 2,000, na mpaka sasa umeshika. Namba: mimi navaa gauni la 14, nilichukua XL ya Ulaya na imenikaa. Ukisita kati ya namba mbili chukua ndogo, maana sponji ikicheza tu, ngozi imekwisha.