Adungu ya nyuzi 9 kwa mwimbaji wa nyimbo za kale: kagua haya kabla ya kulipa

Mwimbaji wa Uganda anayetaka kuzifufua nyimbo za wazee wake atafute kwanza adungu ya nyuzi 9, ile ya ukubwa wa kati. Ni kinubi cha Waalur wa Nebbi, Pakwach na Zombo, kaskazini magharibi mwa Uganda. Huchezwa kwa vidole vya mikono miwili, mdomo ukabaki huru kuimba, na sauti yake ni laini, haimfuniki mtu. Mwimbaji Suzan Kerunen ameimba kwa Kialur mpaka nje ya nchi, kwa hiyo hakuna sababu ya kusema nyimbo hizi ni za kijijini tu.

Tatizo liko kwenye ununuzi. Adungu nyingi za vibanda vya vinyago Kampala zimetengenezewa watalii: nakshi nzuri, ngozi imepigwa rangi, lakini hazishiki sauti hata kwa wimbo mmoja. Ukiweza, agiza kwa fundi wa West Nile, eneo hilo la Waalur, ambaye mwenyewe anaicheza.

Anza na kasha. Linatakiwa liwe gogo moja lililochongwa ndani kama mtumbwi. Ligonge kwa kidole cha kati: mti mkavu hulia, mti mbichi hutoa sauti butu, na huo utapasuka kiangazi kikifika. Tazama chini kama kuna unga mwembamba unaodondoka. Ukiuona, wadudu wameshaingia, iache.

Ngozi ya ng'ombe iwe na unene ulio sawa pande zote, na mishono ya kamba za ngozi iwe imekaza. Katikati, chini ya ngozi, unapita ufito wa mti ambao nyuzi zote zimefungwa humo. Hapa ndipo penye roho ya ala. Ufito ukiwa mwembamba hupinda, ngozi inavimba kuelekea juu, na nyuzi zote zinashuka kwa pamoja. Bonyeza ngozi kwa kidole gumba kando ya ufito. Ikibonyea kama mpira uliopungua upepo, usilipe.

Shingo imechomekwa tu kwenye kasha, na katika adungu nyingi kinachoishikilia ni mvutano wa nyuzi. Ndiyo maana hatushauri kabisa kulegeza nyuzi zote mara moja. Badilisha mmoja mmoja.

Vigingi vya kukazia nyuzi huteleza hewa ikikauka. Kichomoe kigingi, kipake chaki, kirudishe huku ukikisukuma ndani unapokizungusha. Usipake mafuta wala sabuni, utazidisha kuteleza. Nyuzi siku hizi ni mishipi ya nailoni ya kuvulia samaki, minene chini na myembamba juu. Mshipi mpya huendelea kuvutika siku kadhaa, kwa hiyo usiubadilishe asubuhi ya siku ya onyesho.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Adungu hizi huja zimelinganishwa kwa do re mi ya noti 7, mtindo wa kwaya na shule. Uzi wa 8 unarudia wa 1, wa 9 unarudia wa 2, basi. Kwa nyimbo za kanisani inatosha. Lakini nyimbo nyingi za kale za Uganda hutembea kwenye noti 5, na kuzichezea kwenye noti 7 ni kuwa na nyuzi mbili, fa na ti, zinazokaa bure. Kwa mpangilio wa noti 5, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, weka: sol, la, do, re, mi, sol, la, do, re. Hapo unapata jozi nne za oktavu (noti ileile, moja chini na moja juu), yaani 1 na 6, 2 na 7, 3 na 8, 4 na 9, na mkono mmoja unaweza kumjibu mwenzake.

Fanya hivyo kwa kushusha, si kwa kupandisha. Nyuzi za 8 na 9 ziache zilivyo. Ya 7 na ya 6 zishuke toni moja kila moja (umbali wa kutoka do hadi re), nyingine zishuke zaidi, hadi ya 1 na ya 2 ambazo zitashuka toni mbili na nusu. Hizo mbili zitalegea na kunguruma, kwa hiyo zitataka mishipi minene zaidi. Anayepandisha badala ya kushusha hukata nyuzi au hupindisha ufito.

Kisha ifuate sauti ya mwimbaji, si programu ya simu. Nyimbo za wazee hazikai sawasawa kwenye vitufe vya piano, na ukizilazimisha zinapoteza ladha yake. Simu ikusaidie kupata uzi wa kwanza tu.

Jukwaani, kinasa sauti cha kubandika kikae juu ya ufito. Kikibandikwa katikati ya ngozi tupu, spika zitavuma. Mvua ikinyesha ngozi hulegea na sauti hushuka. Isogeze mahali penye joto kiasi, kamwe usiianike juani, itachanika kwenye mishono.

Kwa mwimbaji mmoja au wawili, tunaipa alama 4 kati ya 5 iliyotoka kwa fundi mzuri. Moja tumeipunguza kwa sababu ya vigingi. Ala nyingine za Uganda ziko hatarini: bigwala za Wasoga, tarumbeta za vibuyu, ziliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2012, na muziki wa o'di, zeze la bakuli la Wamadi, ukafuata mwaka 2016. Adungu yenyewe bado ina mafundi. Ukiagiza, lipa nusu kwanza, na malizia baada ya kuicheza nusu saa nzima mbele ya fundi bila kugusa kigingi.