Dawa za bawasiri kwenye maduka ya Mtwara na Lindi: kipi ununue, kipi uache

Ingia duka la dawa Mtwara mjini, nong'ona "bawasiri" (wengine husema mgoro, wengine "ile dawa ya kinyama"), na kaunta itajaa vitu vinne: tyubu ya kupaka, vidonge vya kuingiza njia ya haja kubwa, vidonge vya kumeza, na maganda ya isabgoli (maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi za kulainisha choo). Cha tano kiko nje sokoni, unga ndani ya kichupa kisicho na lebo. Katika vyote hivyo, kinachogusa chanzo cha tatizo ni isabgoli peke yake, na ndiyo hutajwa mwisho.

Kabla ya kutoa hela, jua unanunulia nini. Kila mtu ana mito laini (kama ya kulalia) ya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, na kazi yake ni kusaidia kuziba. Choo kikiwa kigumu na mtu akajikamua kila siku, mito ile huvimba na kuteremka. Ya ndani haiumi: hutoa damu nyekundu inayodondoka au kuonekana juu ya choo. Ya nje ndiyo yenye maumivu, hasa damu ikiganda ndani yake na kuacha uvimbe wa bluu. Maumivu ya kukatwa kama kwa wembe wakati wa kujisaidia, yakabaki saa nzima baadaye, mara nyingi ni mchaniko wa ngozi, na tiba yake ni nyingine. Damu iliyochanganyika na kamasi na kuhara ni habari ya utumbo. Na aliyevuka miaka 40 akaanza kutoa damu, akakonda, au mwendo wake wa choo ukabadilika, apimwe kwanza. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu.

Tyubu. Usiangalie jina, soma viambato. Zenye lidokaini hutia ganzi, zenye zinki oksidi hukausha na kulinda ngozi, zenye haidrokotisoni hupunguza uvimbe na mwasho. Kiasi cha punje ya mbaazi kinatosha, asubuhi, usiku, na baada ya kila choo, ngozi ikiwa imeoshwa kwa maji na kukaushwa. Yenye haidrokotisoni isizidi siku 7. Ikizidi hapo ngozi huwa nyembamba, fangasi hupata nafasi, mwasho unarudi, na mtu anapaka zaidi akidhani ugonjwa umekomaa. Mrija wa kuingizia ndani uoshwe kwa sabuni kila mara, na tyubu moja ni ya mtu mmoja, hata kwa mke na mume. Inatuliza vizuri, haiponyeshi. Alama: tatu kati ya tano.

Vidonge vya kuingiza. Hapa joto la pwani ndilo linaloharibu biashara. Vidonge hivi vingi vimetengenezwa kwa mafuta yanayoyeyuka kwenye joto la mwili, karibu nyuzi 34 hadi 36, na pakiti huagiza vitunzwe chini ya 25 au 30. Sasa fikiria boksi lililokaa chini ya bati mchana wa Desemba, umeme umekatika. Kidonge huyeyuka, usiku kikaganda tena, na dawa iliyokuwa imesambaa sawasawa inaweza kukusanyika upande mmoja. Kiguse kupitia karatasi yake kabla hujalipa: ncha iliyopinda, upande uliobonyea au mafuta yaliyovuja, kirudishe. Nyumbani, kama hakuna friji, kiweke na karatasi yake kwenye maji baridi kwa dakika 15 kabla ya kutumia. Jisaidie kwanza, lala ubavu wa kushoto, sukuma kipite msuli, kisha usinyanyuke kwa dakika 15. Mbili kati ya tano kwa huku kwetu. Mahali penye ubaridi kingepata zaidi.

Vidonge vya kumeza. Vinavyofahamika zaidi vina daiosmini na hesperidini. Daflon ni jina mojawapo, kidonge kikiwa na miligramu 500. Kwa shambulio la ghafla dozi ni vidonge 6 kwa siku kwa siku 4, halafu 4 kwa siku kwa siku 3, vikigawanywa pamoja na chakula. Jumla ni 36. Piga hesabu hiyo dukani, kwa sababu anayenunua 10 akaacha damu ilipopungua hakumaliza dozi. Hupunguza damu na mwasho, lakini nyama iliyokwisha kutoka nje haitarudi kwa kumeza kidonge. Mjamzito aulize kliniki kwanza. Tatu na nusu.

Isabgoli. Kijiko kimoja cha chai kwenye robo lita ya maji, koroga, kunywa papo hapo kabla hakijawa utelezi, kisha ongeza glasi nyingine ya maji. Hiyo glasi ya pili ndiyo watu huiacha, na bila maji maganda haya hukaza choo badala ya kukilainisha. Anza mara moja kwa siku. Baada ya wiki nenda mara mbili. Tumbo litajaa gesi mwanzoni. Matokeo huanza siku ya pili au ya tatu. Nne na nusu, na nusu iliyobaki tunaiwekea mbaazi: kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina nyuzinyuzi karibu gramu 11, na mtu mzima anahitaji 25 hadi 30 kwa siku. Ongeza ugali wa dona badala ya sembe na umekaribia. Msimu wa korosho, mtu anayeokota tangu alfajiri na kichupa kimoja cha maji asishangae choo kikiwa kama jiwe. Wajawazito wanaomeza vidonge vya damu vya kliniki nao hufunga choo. Wasiviache, waongeze maji na mboga.

Beseni. Halimo kwenye rafu ya dawa, na linazishinda nyingi. Liwe pana la kukalia, maji ya uvuguvugu wa kuogeshea mtoto (pima kwa kiwiko), kina cha sentimita 8 hadi 10, dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Msuli hulegea na maumivu hushuka. Chumvi si lazima. Dettol usitie, inaunguza. Tano kati ya tano.

Choo cha kuchuchumaa nacho kinafaa kuliko cha kukaa, mradi simu ibaki ndani ya nyumba na usizidi dakika 5. Kwenye choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda cha kimo cha mbuzi ya kukunia nazi. Kigoda, siyo mbuzi yenyewe.

Unga wa sokoni. Sifuri. Ule unaosifiwa kwa "kung'oa kinyama" mara nyingi hung'oa kweli, kwa kuunguza. Kidonda kikipona huacha kovu linalobana njia, na hapo choo chembamba kama penseli huwa ndicho kilio kipya. Dawa ya asili iliyosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ina lebo na namba ya usajili. Isiyo na namba, iache mezani.

Nyama inayotoka na kurudi yenyewe bado ni ya beseni na nyuzinyuzi. Inayohitaji kusukumwa kwa kidole, au isiyorudi kabisa, ni ya daktari wa upasuaji: hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa Lindi, Ndanda au Nyangao kwa walio bara. Uliza kama wanafunga kwa mpira. Kipira hubana mzizi wa mto wa ndani, ambako hakuna mishipa ya maumivu, na nyama hukauka na kudondoka baada ya siku 5 hadi 10. Damu kidogo siku hizo ni kawaida. Homa, mkojo kukataa kutoka au maumivu yanayozidi si kawaida, rudi siku hiyo hiyo. Uvimbe wa bluu uliojitokeza ghafla ufikishwe ndani ya saa 72, muda ambao kuukata husaidia zaidi. Baada ya hapo huachwa unywee wenyewe. Na ukienda, chukua dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, maana hizo hubadilisha uamuzi wa kufunga.